Wakati Ramani Inapeleka Watu Mbali na Mukutano

Somo la kikundi: namna ya kutafuta na kutengeneza makosa ya ramani katika kalenda ya kooperative



Katika somo hili tunaanza na kosa letu wenyewe. Musimu mumoja tulipanga kugawa mbegu ya viazi vya kizungu katika kijiji kimoja karibu na Lubero. Siku iliandikwa katika kalenda ya mikutano yenye iko ku intaneti. Saa iliandikwa, jina la shule liliandikwa, na alama ya ramani iliwekwa pia. Siku ile wamama wa vikundi vitatu walifika mapema na vikapo vyao. Walingoja mpaka jua likapanda, na kamyo haikuonekana.

Kamyo ilikuwa imepakizwa Butembo. Shofere alikuwa mupya, na sisi tulimupa tu alama ya ramani ku simu yake. Alama ile ikamupeleka mulimani kando ya Butembo palepale, fasi yenye hakuna shule wala mukutano. Aliuliza watu, hakuna mutu aliyejua. Rezo ilikuwa mbaya, simu hazikupita. Akarudi ku depo. Habari ilifika Lubero nyuma ya saa nane, wakati mvua ilikuwa imeanza. Wamama wengi walirudi nyumbani kwa miguu bila mbegu. Kesho yake, wakati kamyo ilifika, nusu yao hawakuweza kurudi, na miche ya viazi mingi ilikuwa imevunjika ndani ya mifuko sababu ya kupakizwa na kushushwa mara mbili.

Kosa lilikuwa nini? Kamustari kamoja kadogo, alama ya kutoa, ilisahauliwa mbele ya namba. Ni ile tu.

Ndiyo maana tumeandika somo hili. Kooperative nyingi leo ziko na kalenda ku intaneti ao katika simu ya sekretere, na kalenda hizo zinaonyesha ramani. Kama ramani inadanganya, mutu anapoteza siku ya shamba. Kisha kusoma, kila kikundi kitaweza kutazama alama ya mukutano na kujua: iko sawa ao iko na kosa, na kosa ni la namna gani.

1. Namba mbili zenye zinaonyesha fasi

Kila fasi ya dunia iko na namba mbili. Namba ya kwanza inasema fasi iko mbali namna gani na ikweta, upande wa kaskazini ao wa kusini. Wasomi wanaiita latitudo. Namba ya pili inasema fasi iko mbali namna gani upande wa mashariki ao wa magharibi. Hiyo ni longitudo.

Ku ordinatere, kaskazini ya ikweta inaandikwa bila alama, na kusini ya ikweta inaandikwa na alama ya kutoa mbele. Mashariki haina alama, magharibi iko na alama ya kutoa. Tazameni miji hii yetu:

Bunia: 1.56 na 30.25
Beni: 0.49 na 29.47
Butembo: 0.14 na 29.29
Lubero: -0.16 na 29.24
Goma: -1.68 na 29.23
Bukavu: -2.51 na 28.86
Uvira: -3.40 na 29.14

Munaona kitu? Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero. Kwa hiyo sisi wa Kivu ya Kaskazini tuko pande zote mbili. Mutu wa Beni hahitaji alama ya kutoa, mutu wa Lubero anaihitaji. Kama unaiondoa kwa Lubero, -0.16 inakuwa 0.16, na alama inaruka karibu kilometa 35 mpaka kando ya Butembo. Hapo ndipo shofere wetu alifika. Kwa Goma ni mbaya zaidi: ukiondoa alama ya kutoa, unaenda zaidi ya kilometa 370 kaskazini, katika pori la Ituri upande wa Mambasa.

Sheria tatu za kushika kichwani, zenye zinafaa kwa inchi yetu yote ya Kongo:

Ya kwanza: namba ya pili haina alama ya kutoa hata siku moja, sababu inchi yetu yote iko mashariki. Inakuwa kati ya 12 na 32.

Ya pili: namba ya kwanza ni ndogo. Kaskazini haipiti 6, kusini haipiti 14.

Ya tatu: namba ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza siku zote. Kama unaona kubwa imetangulia, ujue zimegeuzwa.

2. Alama imeanguka wapi? Fasi yenyewe inasema kosa

Mutu anayetibu mugonjwa anauliza kwanza: unaumwa wapi? Sisi pia tutazame kwanza alama imeanguka wapi. Fungua ramani, rudi nyuma mpaka uone inchi yote, hata Afrika yote, kisha tafuta alama.

*Alama iko katika bahari, chini ya Ghana.* Hiyo ni fasi ya sifuri na sifuri. Maana yake kalenda haikupata namba yoyote, ikaandika 0 na 0. Mara nyingi mutu aliandika jina la kijiji tu, na ordinatere haikulijua. Dawa: weka namba mbili wewe mwenyewe.

*Alama iko katika jangwa la Sahara, inchini Algeria.* Namba mbili zimegeuzwa. Butembo ikigeuzwa inaanguka karibu na muji wa Timimoun, katikati ya muchanga. Kosa hili linakuja sababu vyombo vingine vinaandika longitudo mbele, na vingine latitudo mbele. Mutu anakopia kutoka chombo kimoja, anabandika katika kingine. Dawa: geuza, kisha kamata sheria ya tatu.

*Alama iko katika jimbo lingine, lakini kwa mustari uleule wa juu na chini.* Alama ya kutoa imepotea, ao imeongezwa fasi haikupaswa kuwa. Dawa: tazama kama kijiji chenu kiko kaskazini ao kusini ya ikweta.

*Alama iko katika inchi jirani.* Huenda jina linafanana. Kuko Kirumba kwetu Lubero, na kuko Kirumba kule Mwanza inchini Tanzania. Kuko Kasenyi kando ya ziwa Albert katika Ituri, na kuko Kasenyi inchini Uganda. Ordinatere inachukua ile inayojua vizuri zaidi. Dawa: usiandike jina peke yake. Andika kijiji, grupema, teritware, jimbo na inchi. Kama bado inakosea, weka namba.

*Alama iko katika teritware yetu, lakini mbali na kijiji.* Majina kama Walungu, Masisi ao Lubero ni jina la teritware na tena jina la centre. Ordinatere ikichukua teritware, inaweza kuweka alama katikati ya eneo lote, hata katika pori ao mulimani. Dawa ni ileile: namba.

*Alama iko kilometa kumi ao makumi mawili mbali.* Tazameni namna namba zilivyoandikwa. Hilo tunalieleza sasa.

3. Mukato, nukta na dakika

Sisi wa Kongo tulisoma hesabu kwa Kifaransa. Shuleni tunaandika mbili na nusu hivi: 2,5, na mukato, yaani virgule. Lakini kalenda nyingi za intaneti zinataka nukta: 2.5. Ukiandika -2,51 programu inaweza kusoma -2 tu na kutupa yenye inabaki. Kwa Bukavu, hiyo ni kosa la karibu kilometa 57. Ao programu inadhani -2 na 51 ni namba mbili mbalimbali, na alama inaanguka mbali sana na Kongo. Kwa hiyo: nukta ndani ya namba, mukato kati ya namba mbili. Kama hivi: -2.51, 28.86.

Kosa la pili ni la dakika. Karte za zamani na vyombo vingine vya kupima vinaandika degre na dakika. Bukavu wanaiandika 2°30' kusini. Watu wengine wanageuza hiyo kuwa 2.30. Sivyo. Degre moja iko na dakika 60, sawa na saa. Dakika 30 ni nusu ya degre, kwa hiyo ni 2.5. Ukiandika 2.30 alama inaenda kilometa 22 kaskazini, upande wa Kavumu. Hesabu ni hii: chukua dakika, gawanya kwa 60. Kama kuko segonde pia, zigawanye kwa 3600. Kisha jumlisha vyote na degre. Tena, katika maandiko ya Kifaransa magharibi ni O. Herufi ile inafanana na sifuri, mufungue macho.

Na namba ngapi nyuma ya nukta? Degre moja upande wa kaskazini na kusini ni kama kilometa 111. Kwa hiyo namba moja nyuma ya nukta ni kama kilometa 11. Namba mbili ni kilometa moja na kidogo. Namba tatu ni metre 111. Namba ine ni metre 11. Kwa muji, namba mbili zinatosha. Kwa kuonyesha hangari ao shule, tumia namba ine. Hapa juu tumetumia mbili sababu tunaonyesha miji tu. Musiziweke katika kalenda kwa mukutano wa kijiji.

4. Kupata namba za kweli ku simu

Njia nzuri kupita zote ni mutu kwenda palepale na simu. Simu nyingi zenye kioo cha kugusa zinapokea ishara ya satelite. Kazi hii haiombi mega wala inite. Inaomba mambo haya:

Toka inje. Chini ya manjanja ao chini ya miti mingi ishara inapotea. Simu inahitaji kuona satelite ine ao zaidi.

Ngojea. Kama hakuna intaneti, simu inaweza kuchukua dakika kadhaa mbele ya kujipata. Usichukue namba ya kwanza mara moja. Ngojea mpaka haihamehame tena. Fasi ya wazi, simu nzuri inajua fasi yake kwa metre 5 hivi.

Ruhusu. Katika mipango ya simu kuko kitu cha kuruhusu ao kukataza kujua fasi. Kama kimefungwa, kalenda itasema haikuoni. Tena, ukurasa wa intaneti wenye hauna kufuli, yaani wenye anwani yake haianze na https, simu itakataa kuupatia fasi yako hata ukiruhusu. Hiyo si kosa la simu yako. Mwambieni mutu anayechunga ukurasa.

Andika ku karatasi. Simu inaweza kuibiwa ao kuzimika. Daftari la sekretere liwe na ukurasa wa fasi zote za kooperative: jina, namba mbili, siku zilipochukuliwa.

Angalisho: kama satelite hazionekani, simu inakisia fasi kwa kutumia minara ya rezo, na kukisia huko kunaweza kukosea kilometa nyingi. Ordinatere ya ofisi nayo haina satelite, inakisia kwa njia ya intaneti. Inaweza kusema uko Kinshasa, ao hata Ulaya, sababu kampuni ya intaneti iko kule. Musichukue namba za mukutano ku ordinatere ya ofisi kwa njia hiyo.

5. Tulitengeneza, lakini kosa linarudi

Hili linaudhi watu wengi. Tazameni mambo haya mane.

Kalenda inashika jina la fasi na namba zake mbalimbali. Ukibadilisha jina la kijiji, namba za zamani zinaweza kubaki. Badilisha vyote viwili.

Fasi moja imeandikwa mara mbili: "Depo ya kooperative" na "Depo kooperative". Umetengeneza moja, mukutano unatumia nyingine. Futa ile ya kosa.

Mukutano unarudia kila juma, kwa mufano kila siku ya tano. Umetengeneza wa juma hili tu. Chagua kutengeneza mikutano yote yenye inafuata.

Simu inakumbuka ukurasa wa zamani. Funga, fungua tena na intaneti, ao omba memba mwingine atazame ku simu yake.

Na kama ramani haionekani hata kidogo? Kama fasi yake ni nyeupe, kwanza ni rezo. Kama ni nyeusinyeusi na maandishi juu yake, mara nyingi ni ufunguo wa ramani. Tangu 2018, Google inaomba kurasa nyingi zenye zinaonyesha ramani yake ziwe na ufunguo wenye umeandikishwa pamoja na njia ya kulipa. Ufunguo ukikosekana ao ukiisha, ramani inaharibika ku simu za wote siku moja. Memba hawezi kutengeneza hiyo. Anayechunga ukurasa atafute ufunguo, ao atumie ramani ya OpenStreetMap, yenye watu wa dunia yote wanachora pamoja tangu 2004. Vijana wenu wanaweza hata kuongeza humo kijiji, daraja na njia zenye hazijaandikwa.

6. Saa nayo inaweza kupotea

Inchi yetu iko na saa mbili. Wakati Kinshasa ni 07:00, kwetu mashariki ni 08:00. Kama kalenda iliwekwa saa ya Kinshasa, mukutano ulioandikwa 08:00 utaonekana 09:00 ku simu ya mutu wa Bukavu. Atafika nyuma. Katika mipango ya kalenda, chagueni saa ya Lubumbashi, ndiyo yetu.

Kando ya mupaka wa Uganda, kama vile Kasindi ao Bunagana, simu inaweza kukamata rezo ya ngambo na kujiweka saa moja mbele. Hapo afazali kuweka saa ya simu kwa mukono. Na musisahau: saa mbili ya asubuhi katika Kiswahili ni 08:00 katika kalenda. Mutu mumoja akiandika 02:00, kalenda itaita watu usiku.

7. Si kila fasi ya kuonyesha

Hapa tunaomba uangalifu mukubwa. Ukurasa wa intaneti unasomwa na kila mutu, mwema na mubaya. Musiweke alama ya ramani ku nyumba ya mutunza sanduku, ku fasi AVEC inagawa feza, wala ku depo siku yenye mbegu ao mavuno ni mengi ndani. Wekeni alama ku soko ao ku shule yenye kila mutu anajua, na fasi kamili semeni kwa kinywa ao kwa ujumbe wa simu kwa memba peke yao. Picha zenye munapiga zinaweza kubeba namba za fasi ndani yake. Mbele ya kuzituma ku intaneti, fungeni kitu cha kuandika fasi katika mipango ya kamera.

8. Maneno yabaki pamoja na ramani

Memba wengi wako na simu ndogo yenye haionyeshe ramani. Kwa hiyo kila mukutano uandikwe na maneno ya njia: kutoka fasi gani kubwa, kilometa ngapi, mukono gani, kando ya kitu gani. Kwa mufano: "Kutoka soko, fuata njia ya mutoni, pita daraja la miti, shule iko mukono wa kuume mbele ya kanisa." Shofere apewe maneno haya, namba mbili, na namba za simu za watu wawili wenye watakuwa palepale. Kama tungefanya hivyo siku ile ya viazi, angeona mara moja kwamba hakuna daraja wala kanisa, na angegeuza kamyo mapema.

Sasa sisi tunafuata desturi moja. Siku tatu mbele ya kila mukutano, mutu mumoja wa ofisi na memba mumoja wa kijiji wanafungua kalenda, kila mutu ku simu yake. Memba anasema: "Ndiyo, alama iko kwetu." Bila neno hilo, kamyo haipakizwe.

Maulizo ya kujadiliana katika kikundi

1. Kijiji chetu kiko kaskazini ao kusini ya ikweta? Namba yetu ya kwanza iko na alama ya kutoa?

2. Mutu ameandika fasi ya mukutano hivi: 28.8600, -2.5100. Kosa ni gani? Alama itaanguka wapi?

3. Karte ya zamani inasema 3°24' kusini. Tutaandika namna gani katika kalenda? (Jibu: 24 gawanya kwa 60 ni 0.4, kwa hiyo -3.4. Ni upande wa Uvira.)

4. Ni fasi gani ya kooperative yetu yenye hatupaswe kuonyesha ku ramani?

Kazi ya kufanya mbele ya mukutano unaofuata: vijana wawili, kijana mumoja na binti mumoja, wapite ku soko, ku shule na ku hangari ya kikundi, wachukue namba ine nyuma ya nukta, na kuziandika katika daftari la sekretere. Kisha mutu mwingine arudi palepale siku nyingine na kuzihakikisha. Kama za kwanza na za pili zinaachana sana, warudie.

Wale wamama wa Lubero walitusamehe, lakini mumoja alituambia neno lenye tunalishika: siku ya shamba ikishapotea hairudi. Tuchunge siku za wenzetu.

Mulimo mwema, na mukae na amani.